Betri Zilizoanikwa Juani

Suguti,
2 Juni 1998

Kwako Tabu binti Shomari, mchumba wangu wa tatu (wawili wa kwanza wamekataa),

Mimi ni mzima ukiacha magoti, meno na masikio. Hofu ni juu yako wewe unayeshindaga mbele ya kioo kinachowaka, kama kuku aliyewekewa taa.

Usiseme hunijui. Ni mimi Alfonsi Magige wa Suguti, yule aliyekuwaga akimletea marehemu baba yako redio mbovu na samaki furu wa kukaanga. Furu anakula siku ileile, redio anaisahau mwezi mzima. Lakini alikuwa fundi. Akishaifungua redio anaiuliza, "Unaumwa wapi, mama?" Wewe nasikia huulizi, unabonyeza tu.

Barua hii anakuletea Burito, kondakta wa pikapu yetu. Amebeba na kaseti, nimeitia kwenye soksi. Soksi unirudishie, ina mwenzake.

Watu wanasemaga mashine yako inasafisha kaseti zilizoharibika. Ati unaingiza sauti humo ndani, inatokea kwenye kioo kama safu ya milima, halafu unachomoa uchafu kama mtu anachambua mchele. Mimi nilisoma darasa la nne na nusu (ile nusu padri alinifukuza kwa kumwigiza anavyokohoa), kwa hiyo siwezi kubisha.

Humo kuna wimbo mmoja tu, wa mwaka 1983. Mimi napiga litungu, kinubi chetu cha nyuzi nane, na kuna mwanamke anaimba. Wakati ule ulikuwa wimbo kweli, sauti nzito, imetulia. Halafu kwa sababu zangu mwenyewe nikaitia kaseti darini, ikakaa huko miaka. Mwaka huu nikaishusha. Betri siku hizi zimejaa mpaka kwa muuza maandazi, basi nikanunua mpya mawe manne, nikabonyeza. Mama yangu! Mwimbaji amekuwa panya aliyebanwa mkia. Na kadiri wimbo unavyokwenda mbele ndivyo panya anavyozidi kuwa mdogo. Litungu limekuwa nzi kwenye chupa. Kaseti imezeeka vibaya kuliko mimi.

Haraka yangu ni hii. Mganga wa hospitali alichungulia masikio yangu kama mtu anayetafuta nyoka kwenye shimo, akasema, "Mzee, hili duka linafungwa." Si leo wala kesho, lakini linafungwa. Ndege wadogo tayari siwasikii, nawaona tu wanafungua midomo kama wanakwaya waliosahau wimbo. Nataka nimsikie huyo mama mara moja, vile alivyokuwa, kabla sijafunga mlango.

Jina lake Eufrasia. Alishakufa. Kwa hiyo usije ukaniambia nimlete arudie.

Ni mimi mchumba wako asiye na ng'ombe wa mahari,
Alfonsi Magige


Musoma,
17 Juni 1998

Shikamoo babu Magige,

Nakukumbuka vizuri sana. Marehemu baba alikuwa akiiona pikapu ya Suguti anasema, "Nyumba ifungwe, anakuja mwongo wangu." Uchumba nimeupokea lakini nina foleni ya kadi za harusi za watu wengine, utasubiri.

Kaseti imefika, na soksi yake. Hii kompyuta alituletea mjomba Nassibu kutoka Nairobi, na programu ya sauti ilikuwa humohumo. Siyo uchawi. Kwanza unatafuta kipande ambacho watu hawajaanza kuimba, kuna mvumo mtupu. Unakionyesha kwa programu: huu ndio uchafu, popote utakapouona utoe. Nayo inafagia kaseti nzima.

Pale mwanzo nimekuta mvumo wa kutosha, zzzz zzzz, nikautumia huo. Imesafika sana. Nakutumia nakala uonje. Sauti bado ipo juu, hilo nitalishughulikia baadaye.

Pole kwa kufiwa na huyo mama. Ni mkeo au ni ndugu?

Mjukuu wako,
Tabu


Suguti,
25 Juni 1998

Mjukuu wangu mwenye ufagio,

Umeninyolea litungu!

Ile zzzz uliyoiita uchafu ni mimi, nilikuwa najaribu nyuzi. Sikiliza nikufundishe, maana baba yako alikufundisha waya tu. Kile kijiti kinachobeba nyuzi tunakilaza makusudi ili nyuzi ziguse kidogo, zilie kama nyuki ndani ya mzinga. Nyuki ndio wimbo wenyewe. Litungu lisilo na nyuki ni kamba za kuanikia nguo. Sasa mashine yako imekwenda kila mahali ikawafukuza nyuki wangu wote, nimebaki napiga ting, ting, ting, kama mtu anayegonga sufuria kuita mbwa.

Warudishe nyuki. Uchafu ninaousema mimi ni ile hali ya panya.

Unauliza ni mke au ni ndugu. Wewe umekuwa karani wa sensa? Aliimba, akafa, basi.

Huku kwetu kumetulia, kumetulia kupita kiasi. Jirani yangu Esta amehamia kwa mwanawe Mwanza. Wapwa zangu wawili wako Geita wanatafuta dhahabu, wakiipata wataniandikia, kwa hiyo unaelewa kwamba bado hawajaipata. Nikirudi kutoka ziwani napigaga hodi kwangu mwenyewe, halafu naingia haraka nijiitikie karibu kabla sijaondoka. Usicheke. Siku moja nilichelewa kuitikia, nikajisikia vibaya kweli.

Kaseti yako ya ting ting nimempigia jogoo, amehama upande wa pili wa boma.

Magige


Musoma,
9 Julai 1998

Shikamoo babu,

Nisamehe kwa nyuki. Nimeanza upya kutoka kwenye kaseti yako, nimewarudisha wote, nimetoa mvumo wa mkanda tu.

Sasa nisikilize kuhusu panya, maana nimekaa na wimbo huu mpaka mama amekataza kuupiga wakati wa kula. Babu, kaseti yako haikuzeeka. Haina ugonjwa. Siku mliporekodi, betri zilikuwa zinachoka. Betri ikichoka, mkanda unazunguka polepole. Na mkanda uliorekodiwa polepole, ukiupiga kwa betri nzima unakwenda mbio kuliko ulivyorekodiwa, sauti inapanda. Zamani mliusikiliza kwa betri zilezile zilizochoka, ndiyo maana mama alisikika sawasawa. Kinachokuharibia leo ni betri zako mpya.

Kwenye kioo naona kila kitu. Betri mpya zinashika mwendo muda mrefu. Hizi zilianza kulegea kabla mama hajafika kwenye kiitikio cha kwanza. Wakati ule watu walikuwa wakianika betri juani zipate nguvu kidogo, baba alinisimulia. Nafikiri zenu zilikuwa za namna hiyo.

Huo mteremko nimeshaunyoosha, sauti haipandi tena njiani. Lakini nimekwama. Programu inaweza kushusha sauti, ila haijui iishushie wapi. Nikishusha kidogo ni msichana wa shule. Nikiongeza ni mama mtu mzima. Nikizidisha ni padri. Ipi ni yake? Nipe kitu cha kupimia. Litungu lako ulilikaza wapi? Lipige, Burito arekodi kwa redio kaseti, arekodi kwa chochote, niletee.

Tabu


Suguti,
20 Julai 1998

Tabu,

Hizo betri zilikuwa mpya!

Nilizichukua kwa Mwikwabe wa Bugwema, kwa mkono wangu, zimefungwa karatasi, zinang'aa. Mwikwabe akaapa kwa jina la mama yake. Kweli mama yake alikuwa hai anatusikia na hakusema kitu, lakini alikuwa kiziwi. Nilitoa kitu kikubwa kwa betri zile. Usiniulize ni kitu gani. Sasa wewe na kioo chako mnaniambia, baada ya miaka kumi na tano, kwamba nilipewa maiti zilizopakwa mafuta. Na Mwikwabe ameshafariki, siwezi hata kwenda kumtukana. Nitamtukana tutakapokutana, nadhani tumepangiwa sehemu moja.

Nilikaa siku nzima sijala.

Haya, hilo la kupimia. Litungu halina mahali pake, mjukuu. Halikazwi kama redio, kwamba stesheni iko hapa. Litungu linafuata koo. Mwimbaji anakaa, anaguna kidogo, mpigaji anakaza nyuzi zimfuate. Akiwa na mafua, litungu nalo lina mafua. Kwa hiyo ukiniuliza nilikaza wapi, nilikaza kwake. Na litungu lenyewe ngozi imeliwa na mchwa, limebaki mbavu.

Kuna mbuzi analia katikati ya wimbo, umemsikia? Nilidhani ungepimia mbuzi. Lakini tulishamla.

Nimetembea ziwani nikarudi. Nimeandika barua hii nikaichana, naiandika tena. Bila koo la yule mama huwezi?

Basi sikia. Nilikuambia amekufa. Nafikiri alikuwa amekufa huku Suguti peke yake. Bunda yuko hai. Anauza sokoni Bunda, ulizia Mama Eufrasia, watakuonyesha. Alikuwa mke wangu. Karatasi ya padri inasema bado ni mke wangu, lakini karatasi haipiki uji.

Mwandikie wewe. Mwambie unataka koo lake tu, kwa ajili ya kompyuta. Usimwambie mimi ndiye niliyekutuma. Usimwambie habari ya masikio. Na tafadhali usimwambie habari ya betri.

Magige


Bunda,
3 Agosti 1998

Kwako Tabu,

Salamu kutoka kaburini.

Barua yako niliipokea hapa sokoni, nikaisoma kwa sauti mbele ya wateja kabla sijajua kwamba ni msiba wangu mwenyewe. Uliandika kwa heshima sana, mwanangu, "niliambiwa kwa makosa kwamba umefariki". Jirani yangu Kudura muuza vitunguu ameniuliza matanga ni lini, na kama ng'ombe alichinjwa. Nimemwambia, kwa jinsi ninavyomjua mume wangu, alichinja maneno.

Hukuandika nani kakutuma, lakini ni nani mwingine mwenye kaseti ile? Na umeandika kuhusu betri. Haya, na mimi nikueleze.

Mwaka ule nguo ilikuwa ya mgao. Duka la kijiji lilipata khanga chache, wanawake tukapigiwa kura, nami nikapata doti moja. Sikuivaa. Niliitia sandukuni ningojee siku yenye maana. Nilikuwa nikifungua usiku naigusa tu, naifunga. Siku moja huyo bwana akaja na redio kaseti ya kuazima na betri nne, uso unang'aa kama mtoto aliyeiba sukari. Akasema, "Imba, Eufrasia, tukuhifadhi." Betri hizo nilizijua. Wiki hiyo nilikuwa nimepita Bugwema nikaziona juu ya bati la Mwikwabe, zimeanikwa juani kama dagaa. Sikumwambia. Alikuwa na furaha, na furaha nayo ilikuwa ya mgao. Nikaimba.

Siku chache baadaye ikaja habari kutoka kwetu Butiama kwamba mama yangu amefariki. Nikafungua sanduku.

Sina haja ya kukuandikia nilichokuta. Nilikwenda kumzika mama yangu na khanga ya kuazima ya Esta. Kabla hatujaanua tanga, Esta akatuma mtu kuifuata, kwa sababu naye ilikuwa moja. Niliivua mbele ya shangazi zangu, nikabaki na gauni lililochanika mgongoni.

Hata hilo ningelimeza. Lakini kwetu mke akienda kwao kwa msiba, mume anamfuata. Anakuja, anakaa na wakwe, anasemwa, ananyamaza, anarudi na mke wake. Niliitazama njia mpaka mtama ukavunwa. Hakuja. Nikashuka Bunda kwa binamu yangu, nikaanza na vitumbua. Leo nauza khanga, binti Shomari. Mabunda yamefika darini. Mungu naye ana mambo yake.

Mwisho wa mwezi nakuja Musoma kuchukua mzigo. Nitapita kwako. Siji kwa ajili yake. Nakuja kwa sababu sijawahi kujisikia mwenyewe, siku ile alisema tusimalize betri.

Eufrasia


Musoma,
29 Agosti 1998

Shikamoo babu,

Alikuja.

Ni mama mrefu, anakaa kama mtu anayesubiri kesi. Alikataa soda. Nikampa kipaza sauti aimbe mstari mmoja wa kupimia. Akaimba, akacheka: "Koo limeshuka, mwanangu. Sasa naimba besi. Ukipimia hili, utamfanya yule wa zamani kuwa mzee kabla ya siku zake." Kwa hiyo tukafanya hivi. Nikaufungua wimbo wenu, nikaanza kushusha kidogokidogo, yeye amefumba macho. "Bado. Bado. Huyo ni dada yangu mdogo. Shusha. Umepita, rudi." Halafu akanyoosha mkono kama anayesimamisha basi. "Hapo. Hapo ndipo mimi."

Babu, kumbe ni sauti nzuri namna hiyo. Mama yangu aliacha jikoni akaja kusimama mlangoni. Na nyuki wako wote walikuwepo.

Halafu kuna kitu kingine. Mwisho wa wimbo kuna maneno. Wewe labda ulisikia panya wanagombana, lakini yaliposhushwa yakawa watu. Wewe unasema, "Umeona betri mpya zilivyo!" Yeye anasema, "Umezitoa wapi, wewe?" Unajibu, "Usiulize, kuna siku utajua." Halafu anacheka. Anacheka sana, babu, mpaka unazima redio.

Mama Eufrasia akaniomba nirudie pale. Nikarudia. Akasema, "Nilikuwa nacheka. Doti ilishaondoka na mimi nilikuwa nacheka." Akafunga mkoba wake.

Amenieleza yote, na mimi sikuulizi. Lakini pale alipoanza kuondoka alisimama akauliza, "Kwao uzee unaanzia masikioni. Masikio yake yakoje?" Ulinikataza nisimwambie. Nikakaa kimya, na naona kimya changu kilisema vibaya. Akarudi akaketi. Akasema, "Washa hicho chombo," akaimba wimbo mzima, peke yake, bila litungu, kwa koo la sasa.

Nakutumia kaseti. Upande A ni ule wa 1983, umenyooka. Upande B ni wa wiki hii.

Alinikataza nisikuambie kwamba analia akiimba. Basi sijakuambia.

Tabu


Suguti,
13 Septemba 1998

Mjukuu wangu,

Kaseti imefika na soksi. Sasa soksi zimekamilika, hiyo peke yake ni sababu ya kumshukuru Mungu.

Nilisafisha masikio kwa mafuta ya nazi. Nilimfungia jogoo nje. Nikaweka betri mpya, nikafunga mlango, nikasikiliza upande A.

Ni yeye. Si panya, si msichana wa shule, si padri. Ni Eufrasia wa jikoni kwangu, amekaa juu ya kinu, miguu ina unga. Hujaniongopea hata nukta moja. Kazi yako ni nzuri kuliko ya baba yako, na yeye akisikia huko aliko asinune.

Lakini kuna jambo. Pale anapopanda juu, pale penyewe, mimi sisikii. Nasikia nyuki, halafu kimya, halafu anashuka namsikia tena. Nilidhani ni mkanda. Nikamwita Burito, akasema, "Babu, hapo ndipo anapoimba vizuri kuliko pote." Kumbe nimekuwa nikimwona ndege anafungua mdomo. Mwezi wa sita hata panya nilimsikia, sasa duka limeshafunga rafu ya juu. Nimechelewa, mjukuu. Umenitengenezea nyumba, nami nimefika funguo zimepotea.

Nikageuza upande B, kwa hasira tu. Na lile koo la besi analolicheka, kila neno likaingia. Kila neno! Hata pumzi. Hata yale uliyokatazwa kuniambia. Mungu ni mtani kuliko mimi. Amenifungia mlango wa ujana, akaniachia dirisha la uzee, na yule mama amepitia dirishani.

Unataka kuniuliza mbona sikumfuata kule Butiama. Najua, maana umejizuia barua nzima. Nilikwenda. Nilifika Makutano. Nikawaona watu wanaelekea msibani, kila mkwe ana blanketi au gunia la mtama kichwani, nami nina kaseti mfukoni. Nilisimama njia panda mpaka jua likageuka. Halafu nikarudi, nikawaambia watu amekufa. Mtu aliyekufa hakuna anayekuuliza kwa nini hukumfuata.

Nilifikiri nimnunulie khanga. Sasa nimpelekee khanga muuza khanga? Ni sawa na kulipelekea ziwa ndoo ya maji.

Usinishawishi kwenda Bunda. Siendi. Nina shughuli nyingi. Nimepata ngozi ya mbuzi, naliwamba litungu upya ili mchwa wapate chakula kipya. Nyuzi nimeshafunga, bado kukaza.

Siendi, nimesema.

Babu yako,
Magige


Bunda,
11 Oktoba 1998

Kwako Tabu, mwanangu,

Mwongo wa baba yako alikuja.

Ilikuwa siku ya soko kubwa. Nimetandika mzigo, nainua macho, ng'ambo ya njia kwa muuza chai amekaa mzee na kitu kimevikwa gunia. Amevaa soksi mbili zinazofanana, mguuni hakuna viatu bali ndala. Nilijua kabla hajageuka.

Hakuja. Aliagiza chai, akanywa. Akaagiza nyingine. Mimi nauza, napima, nakunja. Kudura akaniambia, "Shoga, yule babu anakutazama kama mtu anayedai." Nikamwambia, "Hanidai, namdai." Sikumwita. Miaka kumi na tano nilimngoja avuke bonde, sasa imebaki njia ya mikokoteni, nimvushe mimi?

Jua likapanda. Akalitoa litungu kwenye gunia, ngozi nyeupe bado ina harufu ya mbuzi, akaanza kukaza nyuzi. Hakuinua kichwa. Anakaza, anagusa, anasikiliza kwa sikio la kushoto, analegeza. Anakaza tena. Tabu, alikuwa hapati. Watoto wakaanza kumcheka. Na mimi nilijua kwa nini hapati. Litungu halina mahali pake, linafuata koo, na koo lilikuwa limekaa ng'ambo linauza khanga.

Sikuamua. Nilikuwa nakunja doti ya mteja, nikajikuta naguna. Chinichini tu, kama mtu anayefanya kazi zake. Mikono yake ikasimama. Halafu uzi wa kwanza ukaja pale nilipo. Halafu wa pili. Mteja akaniuliza bei, nikaendelea kuguna. Nyuzi zote nane zikaja, moja moja, na nyuki wao. Hakupiga wimbo. Alikaza tu mpaka litungu likakaa kwangu, kwa koo hili la sasa, akaacha kiganja juu ya nyuzi, nami nikanyamaza.

Basi la Musoma likapiga honi. Akalipa chai, akainuka na magoti yake, akaondoka. Hakunitazama. Nilibaki nimeshika ncha za khanga, Kudura ananiambia, "Mwite!" Sikumwita.

Lakini kuna jambo nataka umwandikie. Litungu alilisahau juu ya benchi la muuza chai. Muuza chai alitaka kulikimbiza mpaka stendi, nikamkataza. Wewe unamjua yule mzee. Alikumbuka soksi. Hajawahi katika maisha yake kusahau kitu kinachomhusu.

Mwambie lipo dukani kwangu, nimelifunika kwa doti mpya ili mchwa wasiliguse. Mwambie silitumi kwa basi, simpi Burito wala mtu yeyote.

Mwambie alifuate mwenyewe.

Eufrasia